Mgeni njoo, mwenyeji apone: hesabu ya safari ya gari jangwani kaskazini mwa Kenya

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kutoka Nairobi hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, alijua kwamba anaanza safari ya siku 2 au 3, mara nyingi juu ya lori la mifugo, na kwamba vumbi atalila pamoja na mkate wake. Leo umbali huo huo wa takriban kilomita 780 unamalizwa kwa siku moja, kwa sababu njia nzima ni lami. Mbali na malori na mabasi, barabara hii sasa inabeba mteja wa aina nyingine: msafiri mwenye gari lake mwenyewe, hema kwenye keria na madumu ya maji nyuma, anayekwenda kulala jangwani kwa hiari yake.

Wengine hutoka Nairobi, wengine huvuka Namanga wakitokea Arusha na Dar es Salaam, wengine Malaba au Busia wakitokea Kampala. Wapo pia wanaosafiri kutoka Cape Town hadi Cairo au kinyume chake, maana barabara ya Isiolo hadi Moyale ni kipande cha njia hiyo kuu ya Afrika.

Swali la kibiashara ni moja. Mgeni huyu anapopita, fedha zake zinabaki wapi? Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyofanyika, inagharimu nini, inahitaji makaratasi gani, na kwa nini kijiji cha jangwani kinapaswa kuhesabu usiku ambao mgeni amelala pale badala ya idadi ya magari yaliyopita.

Lami ilivyobadilisha mambo

Barabara ya Isiolo hadi Moyale ina urefu wa takriban kilomita 500. Ilijengwa kwa vipande. Kipande cha kwanza, kutoka Isiolo hadi mto Merille, ni kilomita 136. Kutoka Merille hadi Marsabit fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, na vipande vya kutoka Marsabit kupitia Turbi hadi Moyale viligharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kufikia mwaka 2017 njia yote ilikuwa imeungana.

Kabla ya hapo magari yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye silaha, na gari dogo halikuthubutu. Sasa hata gari la saluni linafika Moyale. Kwa wafanyabiashara wa mifugo hii ni neema, kwa kuwa ng'ombe anayefika sokoni Nairobi kwa siku moja hakondi njiani kama yule wa siku 3.

Hata hivyo, lami ina tabia yake. Inapunguza gharama ya kufika, na papo hapo inapunguza sababu ya kusimama. Zamani gari lilipoharibika Laisamis au Turbi, dereva na abiria walikula pale, walilala pale na kununua chai ya asubuhi pale. Leo wanapita kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa. Mji mdogo wa njiani unaona magari mengi kuliko zamani, lakini kila gari linaacha kidogo zaidi. Msafiri anayepiga kambi anaweza kuibadilisha hali hiyo, kwa sharti kwamba anaiacha lami.

Mzunguko wenyewe

Mzunguko unaopendwa na wengi huanzia mji wa Marsabit, ulio juu ya mlima wenye msitu katikati ya nchi kavu. Hapo msafiri hujaza mafuta na maji, kisha huiacha lami upande wa kaskazini na kushuka kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, nchi ya Wagabra. Ndani ya safari hiyo yumo Chalbi, uwanda tambarare wa udongo na chumvi ambao zamani za kale ulikuwa sakafu ya ziwa. Wakati wa kiangazi gari hukimbia juu yake kama juu ya sakafu ya saruji. Mvua ikinyesha, uwanda huo huo hugeuka tope linalonasa lori hadi ekseli.

Kutoka North Horr njia inageuka kusini hadi Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Hapa wanaishi Waturkana, Warendille, Wasamburu na Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi. Tangu 2008 mji huu umekuwa ukiandaa tamasha la utamaduni la jamii za Marsabit na Ziwa Turkana. Kaskazini zaidi iko hifadhi ya Sibiloi, yenye eneo la Koobi Fora lililotoa mabaki mengi ya binadamu wa kale. Hifadhi za ziwa hili zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1997, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kurudi kwenye lami, njia nzuri kuliko nyingine hupita South Horr na kutokea Laisamis. Njia hiyo iliboreshwa kwa takriban kilomita 208 ili kupitisha mitambo ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mashine 365 na uwezo wa megawati 310 hivi, uliozinduliwa rasmi Julai 2019. Ni barabara ya changarawe, si lami, lakini mashine zilizopita hapo zilikuwa ndefu na nzito, hivyo kona na vivuko vyake vilitengenezwa kwa uangalifu.

Jumla ya mzunguko huo nje ya lami, Marsabit hadi Laisamis, ni kilomita 500 na ushei. Mwenye haraka huumaliza kwa siku 2. Mwenye busara huupa siku 4 au 5.

Mafuta, maji na matairi

Jangwani hesabu hufanywa kabla ya kuondoka. Gari zito la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, linalotumia lita 13 kwa kilomita 100 za lami, linaweza kutumia lita 20 kwa umbali huo huo kwenye mchanga na mawe. Kilomita 500 ni lita 100. Ongeza akiba ya asilimia 30 kwa ajili ya kupotea njia, kurudi nyuma au kumsaidia mwenzako, unapata lita 130. Gari lenye tenki la lita 90 linahitaji madumu 2 ya lita 20. Mafuta yanapatikana North Horr na Loiyangalani, lakini kwa kawaida huuzwa kutoka kwenye mapipa, kwa bei ya juu, na siku nyingine yamekwisha. Yachukue kuwa msaada, usiyaweke katika mpango.

Maji yana hesabu yake. Mtu mmoja anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku katika joto hilo, na lita 2 za kupikia na kunawa uso. Watu 4 kwa siku 5 ni lita 140. Maji ya Ziwa Turkana si ya kutegemea, kwa kuwa yana magadi na floraidi nyingi, na ziwa lenyewe lina mamba. Visima vya vijijini ni vya mifugo na wenyeji. Msafiri anayefika na madumu matupu wakati wa kiangazi anashindana na ngamia wa mtu.

Matairi ndiyo yanayowaangusha wengi. Mawe meusi ya volkano yanayozunguka ziwa, na yale ya uwanda wa Dida Galgalu kaskazini mwa Marsabit, ni makali na hukata tairi ubavuni, mahali ambapo fundi wa pancha hawezi kuziba. Chukua spea 2, siyo 1. Mchangani punguza upepo hadi 20 au chini kidogo ili tairi litambae badala ya kuchimba, kisha jaza tena kabla ya kuingia kwenye mawe, maana tairi lililolegea hutoa ubavu wake kwa jiwe. Kwa hiyo pampu ya upepo inayotumia betri ya gari si anasa.

Vingine ni beleshi, kamba ya kuvutia gari, jeki yenye ubao wa kuwekea chini, mkanda wa feni, chujio la hewa na mpira wa rejeta. Sehemu nyingi za njia zina mawimbi kama bati, na mtikisiko wake hulegeza kila nati. Mafundi wa Marsabit hupata kazi nyingi kutokana na keria zilizopakiwa kupita kiasi.

Fedha taslimu pia ni kifaa. M-Pesa inakubalika hadi vijiji vya mbali, ila mtandao ukikatika haina msaada, na noti ya shilingi 1,000 huenda isipate chenji. Beba noti ndogo.

Kulala nje

Kambi zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ya serikali, kama ile ya kandokando ya Ziwa Paradise ndani ya hifadhi ya Marsabit. Ya pili ni ya jamii au ya mtu binafsi, mara nyingi penye maji na miti, kama Kalacha, Ngurunit na Loiyangalani. Hapo unapata choo, kivuli na mlinzi. Ya tatu ni kulala popote, na hapa ndipo penye makosa.

Kosa la kwanza ni kupiga kambi ndani ya laga, yaani mto mkavu. Mchanga wake ni laini, una kivuli, unavutia. Lakini mvua inayonyesha mlimani kilomita 50 kutoka hapo inaweza kuleta ukuta wa maji usiku, wakati juu yako nyota zinang'aa. Kosa la pili ni kulala karibu mno na kisima. Mifugo huja alfajiri kwa zamu iliyopangwa na wazee, na hema lako limeziba njia. Kosa la tatu ni kukata mti kwa ajili ya moto. Katika nchi hiyo mti mmoja wa mgunga ni kivuli, ni lishe ya mbuzi na ni mali yenye mwenyewe.

Kanuni inayofanya kazi ni kufika kabla ya saa 10 jioni, kumtafuta chifu au mzee wa kijiji, kueleza mnakotoka na mnakokwenda, na kuuliza mahali pa kulala. Salamu hiyo hugharimu nusu saa na chai. Kwa malipo hayo mnapata ulinzi ambao hakuna kampuni inayouza. Loiyangalani kuna jambo la ziada, nalo ni upepo. Huvuma usiku kwa nguvu, hivyo funga hema kwenye gari au kwenye mawe, maana vigingi peke yake havitoshi.

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba ni mvua za vuli. Nyakati hizo uliza hali ya Chalbi kabla ya kushuka mlimani.

Makaratasi ya mpakani

Kwa msafiri wa Tanzania au Uganda anayeingia Kenya na gari lake, mambo ya msingi ni haya: pasipoti au hati nyingine ya safari inayotambuliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, leseni ya udereva, kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si la kwako, na kibali cha muda cha forodha cha kuingiza gari. Kibali hicho kina tarehe ya mwisho. Ukichelewa jangwani kwa sababu ya tope, faini haiulizi tope.

Bima ya nchi yako haivuki mpaka peke yake. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, inayolipa madhara unayomsababishia mtu mwingine. Inatumika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia, na Tanzania pia imo ingawa si mwanachama wa COMESA. Usiichanganye na kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa wa afya anataka moja, polisi wa barabarani anataka nyingine, na kila mwaka wapo wanaofika mpakani na moja tu.

Anayetaka kuendelea hadi Ethiopia akumbuke kwamba nchi hiyo haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Urahisi wa forodha uliouzoea Namanga unaishia Moyale. Kwa wasafiri wa mbali hutumika hati ya kimataifa ya forodha ya gari iitwayo karneti, ambayo ni dhamana kwamba gari litatoka na halitauzwa. Masharti ya viza na ya gari hubadilika, na viza inayokubaliwa uwanja wa ndege wa Addis Ababa si lazima ikubaliwe mpaka wa nchi kavu. Uliza ubalozi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa maana kurudi nyuma kutoka Moyale ni kilomita 780.

Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani Moyale kilifunguliwa Desemba 2020 na Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed. Maana ya kituo cha namna hii ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja na msafiri anashughulikiwa upande anaoingia, badala ya kupanga foleni mara mbili. Ukivuka, hamia mkono wa kulia wa barabara. Kwa upande wa fedha, Ethiopia iliiachia birr ielee sokoni Julai 2024, na thamani yake ilishuka sana, kwa hiyo hesabu za bei za safari zilizoandikwa kabla ya hapo hazifai tena.

Usalama

Hakuna mchumi anayeweza kuandika kuhusu biashara ya kaskazini akaliruka hili. Mei 2022 serikali ya Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika maeneo ya Marsabit kutokana na mapigano ya kijamii. Februari 2023 sehemu za kaunti 6, Samburu ikiwemo, zilitangazwa kuwa zenye vurugu na hatari kwa sababu ya wizi wa mifugo. Kusini mwa Oromia, upande wa pili wa Moyale, kumekuwa na mapigano kati ya serikali ya Ethiopia na waasi.

Matukio hayo hayakuwalenga watalii, lakini risasi haibagui. Pita kituo cha polisi Marsabit, Laisamis na Loiyangalani na uulize njia ya siku ile. Uliza pia madereva wa malori ya samaki na ya mifugo, maana wao wamepita jana. Safiri kwa magari 2, usiendeshe usiku hata kwenye lami, ambako ngamia hulala barabarani kufuata joto, na chukua kiongozi anayetoka katika jamii ya eneo unalopita.

Fedha zinabaki wapi

Tufanye hesabu ya mfano. Si takwimu za serikali. Ni makadirio ya kutuonyesha njia. Tuchukue watu 4 katika gari 1 kutoka Nairobi, wanaozunguka kilomita 1,500 kwenda na kurudi, kati yake 500 nje ya lami, na kulala usiku 4 katika vijiji vya jangwani.

Mafuta ni lita 130 za lami na 100 za jangwani. Kwa shilingi 180 kwa lita ni shilingi 41,400. Chakula cha dukani Nairobi, 30,000. Matengenezo ya gari na tairi, 20,000. Malipo ya kambi, 1,000 kwa mtu kwa usiku, ni 16,000. Kiongozi kwa siku 4 kwa 2,500, ni 10,000. Kuni, shanga, chai na vitu vidogo, 8,000. Jumla ni shilingi 125,400.

Kati ya hizo, zilizoingia mifukoni mwa wakazi wa jangwani ni kambi, kiongozi na vitu vidogo, yaani 34,000. Ni asilimia 27. Mafuta yanaweza kununuliwa Marsabit, lakini bei ya juu kabisa ya mafuta nchini Kenya hupangwa kila mwezi na mamlaka ya nishati, na sehemu kubwa ya kila lita ni gharama ya kuyaagiza, usafirishaji na kodi. Faida inayobaki kwa mwenye kituo ni ndogo.

Sasa tuiongeze safari hiyo kwa njia mbili tofauti. Kwanza, waongeze kilomita 100 za jangwani bila kulala. Watatumia lita 20, shilingi 3,600, na karibu zote zitaondoka kuelekea Mombasa. Pili, waongeze usiku 1 Kalacha bila kwenda popote. Watalipa kambi 4,000 na kiongozi 2,500, jumla 6,500, na karibu zote zitabaki Kalacha. Hiyo ndiyo hesabu ya jangwa: kilomita hulipa kampuni ya mafuta, usiku humlipa mwenyeji.

Chakula nacho kina funzo. Wakipunguza 10,000 za dukani Nairobi na kununua mbuzi na maziwa ya ngamia njiani, fungu la wenyeji linapanda hadi 44,000, zaidi ya theluthi, na safari haijaongezeka bei hata senti. Lakini wakinunua unga Marsabit, faida si ile ile, kwa sababu unga huo nao ulipanda lori kutoka kusini. Kinachobaki ni faida ya mwenye duka tu. Mbuzi alizaliwa pale.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kati ya 2020 na 2023 misimu 5 mfululizo ya mvua ilishindwa, na Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Familia ambayo mali yake yote ni ngamia na mbuzi haina benki nyingine. Shilingi 4,000 za kambi haziwezi kurudisha kundi lililokufa. Zinaweza, hata hivyo, kununua maji ya lori kwa wiki moja, au kulipa ada ya mtoto bila kuuza mbuzi jike wakati bei imeanguka. Mapato madogo yasiyotegemea mvua yana thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Nani ana haki ya kutoza?

Hapa ndipo biashara hii inapokwama. Msafiri analipa kambini, kisha mbele kidogo anakuta vijana wameweka gogo barabarani wakidai ada ya kijiji, kisha mtu mwingine anadai eneo ni la babu yake. Analipa mara tatu, hapati risiti hata moja, na akirudi mjini anawaambia wenzake wasiende.

Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inayoiruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake na kuchagua kamati ya kuisimamia. Jamii iliyosajiliwa inaweza kupanga ada moja, kutoa risiti na kuingia mkataba. Isiyosajiliwa inabaki mikononi mwa mwenye gogo.

Mfano wa Afrika wa kujifunza uko Namibia, nchi ambayo safari ya gari na hema jangwani imekuwa biashara kamili, na magari yenye hema juu ya paa hukodishwa kama baiskeli. Namibia ilibadilisha sheria mwaka 1996 kuzipa jamii haki ya kunufaika na wanyama na utalii katika maeneo yao. Hifadhi za jamii za kwanza ziliandikishwa 1998, na sasa ziko 86. Nyingi zina kambi zao zenye bei inayojulikana kabla mgeni hajaondoka nyumbani. Marsabit haina wanyama wengi kama Namibia, lakini ina ziwa, ina Koobi Fora, na ina watu ambao mgeni anatoka mbali kuwaona. Kinachokosekana ni bei moja, risiti moja na mtu mmoja wa kuuliza.

Nafasi kwa wafanyabiashara

Wenye mitaji midogo wana mahali pa kuingilia. Duka la Isiolo au Marsabit linalokodisha madumu, beleshi, pampu na spea ya pili litamsaidia msafiri wa Arusha asibebe vyote kutoka nyumbani. Wakala wa bima anayeuza Kadi ya Njano mapema humwokolea mteja saa mpakani. Fundi mwenye vipuri vya aina 2 au 3 za magari yanayopita sana huko hakosi kazi. Kikundi cha wanawake chenye kambi ya miti 10, choo safi na tangi la maji kinaweza kuweka bei ukutani kikaanza wiki ijayo.

Kwa msafiri, ushauri ni mfupi. Punguza kilomita, ongeza usiku. Nunua nyama na maziwa mahali ulipolala. Lipa kwa kamati na udai risiti, hata ya karatasi ya daftari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na jangwani mwenyeji hawezi kupona kwa vumbi la gari lililopita.